Friji imeharibika ndani ya muda wa waranti na duka limekataa: ni nani anayewajibika?

Mwenye Friji aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba mwongozo wa wenye uzoefu na mambo ya waranti, kwa maana kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine, na huyo mwingine ananirudisha kwa yule wa kwanza. Nilinunua friji mpya ya milango miwili katika duka kubwa la vifaa vya umeme, nikalipa fedha yote siku hiyo hiyo, nikapewa risiti pamoja na kadi ya waranti inayosema kwamba friji nzima imedhaminiwa kwa miaka 2 na kompresa (ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza) kwa miaka 10. Hiyo miaka 10 ndiyo iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na ndiyo aliyoirudia muuzaji kila nilipoonyesha kusita.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, friji ilianza kupoteza baridi taratibu. Kwanza friza ikawa haigandishi sawasawa, kisha sehemu ya chini ikawa na uvuguvugu, huku taa ya ndani ikiwaka kama kawaida na kompresa ikiguruma mchana na usiku bila kupumzika. Nilipolifikisha suala hili dukani, jibu la kwanza lilikuwa kwamba waranti ni ya kiwanda na si ya duka, na kwamba wajibu wao uliishia pale friji ilipotoka ghalani kwao. Nikaelekezwa kwenye kituo cha huduma cha kampuni. Fundi wa kituo alifika, akachomoa waya kwenye soketi, akauchomeka tena, akaweka kiganja juu ya kompresa, kisha akaandika kwenye fomu maneno matatu: "Hitilafu ya umeme." Hakufungua kifuniko chochote wala sikumwona akitoa kipimo mfukoni.

Kwa msingi wa maneno hayo matatu kituo kimekataa kutengeneza, kwa kuwa masharti ya waranti yanatenga uharibifu unaosababishwa na umeme kupanda na kushuka. Niliporudi dukani na fomu hiyo, meneja aliongeza sababu ambayo haikuwahi kutajwa hapo kabla: kwamba kadi yangu haina muhuri wa duka, kwa hiyo ni batili hata kama hitilafu ingekuwa ya kiwandani. Muhuri ni wao wanaokaa nao, kadi waliijaza wenyewe kwa kalamu yao, na risiti yao ninayo. Niongeze kwamba friji imekuwa ikitumia kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme mdogo na mkubwa tangu siku ya kwanza, na hakuna kitu kingine chochote ndani ya nyumba kilichoungua.

Ninachotaka kufahamu ni kama duka linaweza kweli kujitoa kwa kusema kwamba waranti ni ya kiwanda, na kama fundi anaweza kusingizia umeme bila kuonyesha ushahidi. Kuhusu muhuri, sijui hata nianze kuuliza vipi. Sihitaji kurudishiwa fedha. Ninachotaka ni friji inayogandisha.

Aliyekaa Kaunta alijibu:

Pole sana, ndugu. Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kitengo cha huduma baada ya mauzo kwenye duka la aina hiyo, nami nitakueleza jinsi mambo yanavyokwenda upande wa ndani, kwa sababu ukiyajua hutapoteza nguvu kugombana na mtu asiye na uamuzi.

Duka likikubali kukutengenezea au kukubadilishia friji, hudai gharama hiyo kwa msambazaji, naye msambazaji huidai kwa kiwanda. Madai hayo hayapiti bila karatasi: nakala ya risiti, namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya friji, picha za hitilafu, na juu ya yote ripoti ya kituo cha huduma inayosema kwamba kosa ni la kiwandani. Ripoti ikisema vinginevyo, msambazaji hukataa, na hasara hubaki kwa duka. Ndiyo maana meneja wako amekazana na ile fomu. Hana haja ya kuamini kwamba umeme umeharibu friji; inamtosha kwamba imeandikwa hivyo.

Upande wa kituo nako kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi. Katika utaratibu niliouona mimi, kituo kililipwa na kampuni kiwango maalumu kwa kila kazi ya waranti, na kiwango hicho kilikuwa kidogo kuliko anachotozwa mteja anayelipa mwenyewe. Sisemi kwamba mafundi wote wanaongozwa na hilo, maana wapo waliokuwa wakibishana na kampuni kwa niaba ya mteja hadi jioni. Lakini ukiona kazi inayohitaji kuchomelea mabomba na kujaza gesi inakataliwa kwa dakika chache bila kufungua kitu, usishangae sana.

Sasa, kukataliwa kwa mdomo hakuna uzito wowote katika mfumo huu, kwa kuwa hakuingizwi mahali. Andika barua au barua pepe kwa duka, na nakala uipeleke kwa msambazaji na kwa kampuni yenyewe, si kwa kituo peke yake. Taja tarehe ya ununuzi, namba ya risiti, namba ya utambulisho wa friji, dalili zilivyoanza na zilivyoendelea, kisha uombe mambo mawili tu: ripoti kamili ya uchunguzi inayoonyesha ni sehemu gani imeharibiwa na umeme na ilipimwa vipi, na jibu la maandishi la duka linalotaja kifungu cha masharti wanachokitegemea. Weka siku ya mwisho ya kujibu, na iwe ya haki. Barua isiwe na matusi wala historia ndefu ya manung'uniko, kwa sababu itasomwa na watu ambao hawakuwapo, na hao ndio unaotaka wakuelewe. Mteja aliyepiga kelele mbele ya kaunta hatukumwogopa hata kidogo, tulimzoea. Aliyetutia wasiwasi ni yule aliyekuja kimya na karatasi zake zimepangwa kwa tarehe.

Kuhusu muhuri, hilo ni pango la kujifichia. Risiti ndiyo inayothibitisha kwamba ulinunua, lini na wapi. Waandikie kwamba kadi ilijazwa na mfanyakazi wao na kwamba unawaomba waigonge muhuri sasa, wakirejelea tarehe ya risiti. Wakikataa, nalo liwe kwenye maandishi.

Fundi wa Majokofu alijibu:

Nimesoma maelezo ya mwuliza swali mara mbili, na kuna sentensi moja ambayo kwangu mimi inatosha kuitilia shaka ile fomu: kompresa inaguruma mchana na usiku bila kupumzika, taa inawaka, na baridi imepungua taratibu. Kompresa iliyoungua kwa umeme haigurumi mfululizo. Ama haiwaki kabisa, ama hujaribu kuwaka, hunguruma kwa sekunde chache kisha hujikata kwa mlio mdogo wa "tik" pale kikata-joto kinapofanya kazi yake, na baada ya dakika kadhaa hurudia tena. Kompresa yako inafanya kazi. Inachokosa, kwa dalili hizi, ni gesi ya kusukuma, au njia ya gesi imeziba.

Friji nyingi za nyumbani zinazotengenezwa siku hizi hutumia gesi ya R600a, yaani isobutani, na kiasi chake ni kidogo sana. Mara nyingi hakifiki hata gramu 100. Kwa sababu ni kidogo hivyo, tundu dogo kuliko ncha ya sindano kwenye kiungo cha bomba linaweza kuimaliza kwa miezi bila mtu kusikia wala kunusa chochote. Friji hupoa vizuri mwanzoni, kisha friza huanza kulegea, kisha sehemu ya chini hufuata. Kompresa, kwa kuwa kipimajoto kinaendelea kuiambia kwamba bado hakujapoa, haipati ruhusa ya kupumzika, nayo hupata moto kiasi cha kuunguza kiganja. Huenda joto hilo ndilo fundi aliloligusa akahitimisha kwamba ni umeme.

Unaweza kuangalia mwenyewe bila kufungua kitu. Ikiwa friza yako ni ya aina ambayo barafu huonekana kwenye ukuta wake, angalia inaota wapi. Friji yenye gesi kamili huota barafu kwa usawa. Iliyopungukiwa huota sehemu moja tu, karibu na pale gesi inapoingilia, na kwingine kote kunabaki kukavu. Kisha chungulia nyuma, chini, karibu na kompresa. Utaona mrija mfupi wa shaba ambao mwisho wake umebanwa na kuzibwa kwa kuchomelewa. Huo ndio uliotumiwa kujazia gesi kiwandani. Ukiwa bado umezibwa hivyo, bila valvu iliyoongezwa na bila alama mpya za kuchomelea, hakuna aliyeufungulia gesi tangu itoke kiwandani, na hivyo hakuna wa kukusingizia kwamba ulimwita fundi wa mtaani. Piga picha. Angalia pia viungo vya mabomba kama kuna doa la mafuta lililoshika vumbi, kwa sababu gesi inapovuja hutoka na mafuta kidogo ya kompresa. Usiguse wala usikwangue kitu, na moto uwe mbali, kwani isobutani inawaka.

Kama kituo kinashikilia kwamba ni umeme, kuna vipimo vinavyothibitisha au kukanusha, na si siri ya taaluma. Kompresa ya kawaida ina pini tatu: ya pamoja, ya kuwashia na ya kuendeshea. Fundi hupima ukinzani baina yake, na usomaji kati ya pini ya kuwashia na ya kuendeshea hutakiwa kulingana na jumla ya masomo yale mengine mawili. Kisha hupima kila pini na mwili wa kompresa, ambapo hapatakiwi kuwapo mawasiliano yoyote. Kompresa ya inveta, yaani ile ambayo kasi yake huongozwa na bodi ya kielektroniki, nayo ina pini tatu, lakini masomo yote matatu hutakiwa kukaribiana. Kwenye bodi ya inveta, umeme mkubwa ukipita kwa ghafla kwa kawaida hupasua fyuzi na kile kidude cha mviringo mfano wa kitufe kilicho karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia, na mara nyingi huacha masizi yanayoonekana kwa macho. Fundi anayeandika "umeme" bila usomaji hata mmoja na bila picha ya bodi ameandika maoni yake, hakuandika uchunguzi.

Niwe mkweli pia upande wa pili. Umeme mdogo wa muda mrefu hauachi masizi. Huchosha kompresa kidogo kidogo hadi nyaya za ndani zinaungua, na hapo fundi atakuwa na haki ya kusema umeme hata kama bodi ni safi. Lakini hata katika hali hiyo vile vipimo vya pini tatu vitaonyesha, na kompresa haitakuwa inafanya kazi kama yako.

Jambo la mwisho, nanyi wengine mlione: ile miaka 10 ni ya kompresa peke yake. Bomba likivuja, gesi, kazi ya kuchomelea, kichujio cha kunasa unyevu na uchafu kwenye gesi, na mara nyingi hata bodi inayoiendesha kompresa havimo humo. Vimo kwenye ile miaka 2 ya friji nzima. Kwa hiyo mwenye swali asivutwe kwenye ubishi wa kompresa. Hoja yake iko ndani ya miaka 2 na bado ana muda.

Mwenye Friji aliandika:

Nawashukuru kwa majibu ambayo sikuyategemea kuwa ya kina namna hii. Nimeangalia kama nilivyoelekezwa. Barafu imeota kwenye kona moja tu ya juu ya friza, upana wa kiganja hivi, na kwingine ni pakavu kabisa. Mrija wa kujazia gesi umebanwa na kuzibwa, hauna valvu. Kwenye kiungo kimoja kilicho karibu na kompresa kuna doa jeusi lenye vumbi lililogandamana, nami nimelipiga picha pamoja na kibandiko cha namba ya utambulisho.

Barua nimeipeleka dukani na kwa msambazaji. Msambazaji bado hajajibu. Duka limejibu kwa simu, si kwa maandishi, na safari hii wamekuja na pendekezo: watamtuma fundi ajaze gesi kwa gharama yangu "kwa bei ya hisani", ila kwanza nisaini fomu inayosema kwamba nimeelezwa na nimekubali kuwa hitilafu imetokana na umeme. Nimewaambia nitafakari. Je, nikisaini nitakuwa nimejifunga? Friji naihitaji, na wao wanajua kwamba naihitaji.

Mfanyabiashara wa Vifaa alijibu:

Nami niseme kwa upande wetu, maana katika mijadala hii mwenye duka huwa ni mkosaji kabla hajasikilizwa. Wapo wateja wanaorudisha friji iliyopigwa umeme kweli, iliyochomekwa kwenye waya wa kuungaunga pamoja na pasi na jiko, au iliyosafirishwa ikiwa imelazwa kisha ikawashwa papo hapo. Wapo wanaokuja na risiti ya mtu mwingine. Duka dogo likibadilisha friji ambayo msambazaji ameikataa, faida ya friji nyingi nyingine imekwenda na hiyo moja. Kwa hiyo tahadhari haikwepeki.

Hata hivyo, ile fomu ya kukubali kosa mimi siiungi mkono. Ukiwa na uhakika kwamba ni umeme, huna haja ya saini ya mteja, una ripoti. Na muhuri usiogongwa na duka lenyewe si hoja ambayo mfanyabiashara anayejiheshimu angeitoa mbele za watu. Ningekuwa mimi, ningemtaka msambazaji alete fundi wa pili kutoka kituo kingine, mteja akiwapo, na matokeo yaandikwe hapo hapo.

Msomi wa Sheria alijibu:

Nitajibu kwanza swali la awali, kisha la fomu, kwa kuwa la pili linategemea la kwanza.

Hapa kuna ahadi mbili tofauti ambazo duka linazichanganya, na kuzichanganya kunalifaa. Ahadi ya kwanza ni kadi ya waranti, ambayo kwa kawaida hutolewa na mtengenezaji kwa hiari yake, naye ndiye anayepanga muda wake, masharti yake na mambo anayoyatenga. Ahadi ya pili haikuandikwa kwenye kadi yoyote, kwa sababu imewekwa na sheria: anayeuza bidhaa katika biashara yake anawajibika kwa mnunuzi kwamba bidhaa hiyo ina ubora unaokubalika na inafaa kwa kazi ambayo bidhaa za aina hiyo hununuliwa kuifanya. Mkataba wako wa kununua ulikuwa na duka, si na kiwanda. Fedha zako zilipokelewa na duka. Kwa hiyo hata kama kadi ya kiwanda ingeraruliwa na kutupwa, madai yako dhidi ya muuzaji yangebaki pale pale yalipo.

Wazo hili si geni wala si la nchi moja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893 ililiandika waziwazi, na kanuni zake zilienea katika nchi nyingi zilizorithi mfumo huo wa sheria, zikiwamo za Afrika Mashariki. Kenya, juu ya sheria yake ya uuzaji wa bidhaa, iliongeza Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo mengine inakataza kumpotosha mnunuzi. Uingereza yenyewe, kupitia sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015, inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kudai fedha yake. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na akishindwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa au kudai apunguziwe bei. Umoja wa Ulaya, katika Mwongozo wake wa mwaka 2019 unaotumika tangu Januari 2022, unamfanya muuzaji awajibike kwa angalau miaka 2 tangu bidhaa ilipokabidhiwa. Mkiona katika mifumo yote hiyo anayetajwa kwanza ni muuzaji, mtaelewa kwa nini kauli ya "wajibu wetu uliishia ghalani" ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitetea.

Swali gumu zaidi, na ndilo ambalo kesi nyingi za aina hii hugeukia, ni nani anayetakiwa kuthibitisha chanzo cha hitilafu. Chini ya Mwongozo huo wa Ulaya, hitilafu ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwamo tangu siku ya kukabidhiwa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Uingereza kipindi hicho ni miezi 6. Mahali ambapo sheria haina kanuni kama hiyo, mnunuzi ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro, na hapo ndipo picha za doa la mafuta na mrija uliozibwa zinapopata thamani yake. Lakini anayetaka kujificha nyuma ya sharti la kutenga, kwa mfano "hatuhusiki na umeme", kwa kawaida ndiye anayetarajiwa kuonyesha kwamba sharti hilo limetimia. Maneno matatu kwenye fomu hayaonyeshi. Fundi ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kuhusu masharti yanayowekwa ili kumnasa mnunuzi, Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria ya waranti ijulikanayo kama Magnuson-Moss, ambayo kwa jumla inakataza mtoa waranti kumlazimisha mnunuzi atumie vipuri au huduma za jina fulani ili waranti iendelee, isipokuwa anapopewa bure. Mwaka 2018 tume ya biashara ya huko, FTC, ilizionya kwa barua kampuni 6 kuhusu kauli za namna hiyo, zikiwamo za vibandiko vya "ukikibandua waranti imekufa". Vibandiko hivyo bado mnaviona duniani kote, na watu wengi huviogopa kuliko inavyostahili. Muhuri unaokosekana kwa uzembe wa duka lenyewe nauweka katika kundi hilo hilo, tena ni dhaifu zaidi, kwa kuwa ni kanuni ya zamani ya sheria kwamba mtu hafaidiki na kosa lake mwenyewe.

Sasa fomu. Usiisaini kama ilivyo. Saini yako chini ya maneno "nimekubali kuwa hitilafu imetokana na umeme" ndiyo ushahidi ambao duka halina kwa sasa, na wanakuomba uwapatie. Haitafuta haki zako zote moja kwa moja, kwa sababu kukiri jambo la kiufundi usilolijua kunaweza kupingwa, lakini utakuwa umejipandishia mlima ambao leo haupo. Tena kuna hatari ya pili ambayo naona haijatajwa. Wakijaza gesi bila kuziba mahali inapovujia, friji itapoa kwa muda kisha itarudi palepale, na safari hiyo mrija hautakuwa tena katika hali yake ya kiwandani. Ushahidi wako bora utakuwa umekatwa na koleo la fundi wao.

Mwenye Friji aliandika:

Hilo la mrija sikuliwaza kabisa. Basi tuseme msambazaji hajibu, na mimi siwezi kukaa bila friji kwa muda usiojulikana. Je, ipo njia ya kuitengeneza kwa fedha yangu bila kupoteza madai?

Msomi wa Sheria alijibu:

Ipo, nayo inahitaji mpangilio. Kwanza waandikie tena duka na msambazaji, ukiambatisha picha, uwaambie kwamba hukubaliani na pendekezo lao kwa sharti la kusaini fomu, na kwamba wasipokagua friji mbele yako kufikia tarehe utakayoitaja, utaitengeneza mahali pengine na kuwadai gharama. Kama wako tayari kutengeneza wao bila ile fomu, lakini wanasisitiza ulipe kwanza, lipa, na juu ya risiti yao uandike kwa mkono: "Nimelipa huku nikipinga, bila kuathiri haki zangu dhidi ya muuzaji na mtengenezaji." Mwombe anayepokea fedha asaini chini ya maneno hayo, kisha baki na nakala. Akikataa kusaini, andika jina la dawati, tarehe na saa, na uwatumie barua pepe siku hiyo hiyo ukieleza kilichotokea. Madai yenyewe baadaye unaweza kuyapeleka kwa mamlaka ya kulinda watumiaji au ya ushindani ya nchi unayoishi, au katika mahakama ya madai madogo pale ilipo, ambako kwa kawaida si lazima uwe na wakili.

Fundi wa Majokofu alijibu:

Naongezea upande wangu, kwa kuwa mwenzangu ameligusa. Ukilazimika kumwita fundi mwingine, mtake kabla ya kukata chochote apige picha ya mrija, apime zile pini tatu na kuandika masomo yake, kisha baada ya kukata ajaze naitrojeni kwenye mfumo na kupaka povu la sabuni viungoni, na wewe urekodi video ya mahali povu linapotoa mapovu. Kipande cha bomba chenye tundu akikikata, akupe. Kitie kwenye mfuko, ukiandike tarehe na namba ya utambulisho ya friji, na ripoti yake iwe na jina lake, saini na namba yake ya leseni kama anayo. Kichujio kibadilishwe pia wakati huo huo, maana mfumo ukishafunguliwa unyevu huingia, na friji itakayoziba baada ya miezi michache itawapa hao wa dukani sababu mpya ya kusema.

Aliyekaa Kaunta alijibu:

Na kabla hujafika huko, ipigie kampuni yenyewe kwenye namba iliyo ndani ya kijitabu cha maelekezo, uombe namba ya lalamiko. Ikishatolewa, kituo cha huduma hulazimika kuifunga kwa maelezo, na maelezo ya maneno matatu huwa yanarudishwa. Msambazaji aliyekaa kimya kwa barua yako anaweza kuchangamka akiulizwa na kiwanda.

Mwenye Friji aliandika:

Namba ya lalamiko nimeipata. Wamesema watatuma fundi kutoka kituo kingine, nami nimewaomba waje na kipimo. Fomu ya duka nimeirudisha bila saini, pamoja na barua ya pili na picha tano. Nitawajulisha atakachoandika huyo fundi.